Gunpei Yokoi na Tundu la Hedifoni

Ukitaja jina la Gunpei Yokoi pale kantini, tisa kati ya kumi watakuuliza anachezea timu gani. Ni haki yao. Mjapani huyu alifariki mwaka 1997, wengi wetu tukiwa bado hatujazaliwa. Lakini vidole vyetu vinamjua. Kile kitufe chenye umbo la msalaba kwenye pedi ya gemu, unachobonyeza kwenda kushoto, kulia, juu na chini, kilitoka kichwani mwake. Gemu ya mkononi yenye kioo cha kijivu, betri za kawaida na tundu dogo la kuchomeka hedifoni, nayo ilitoka kwenye idara yake. Ninaandika habari zake kwa sababu maisha yake yanatuhusu sisi tunaokaribia kumaliza chuo bila kujua kesho itatupeleka wapi.

Yokoi alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisoma elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, papo hapo mjini kwao. Hakuwa bingwa wa darasa. Alipomaliza, kampuni kubwa za elektroniki hazikumchukua, na mwaka 1965 akaingia kwenye kampuni ndogo ya Kyoto iliyokuwa ikitengeneza karata. Kampuni hiyo ni Nintendo. Msishangae: wakati huo Nintendo haikuwa na gemu yoyote ya umeme. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuangalia mashine za kiwandani zinazotengeneza karata za kijapani ziitwazo hanafuda. Yaani mhandisi mwenye digrii, kazi yake kukagua mitambo, kupaka mafuta na kusubiri kitu kiharibike.

Hapo ndipo nataka wenzangu wa mwaka wa mwisho wasimame kidogo. Tunajua hofu hiyo. Unasoma miaka mitatu, minne, mitano, bumu linakatika katikati ya muhula, unapigana na sapu, halafu unaambiwa nafasi iliyopo ni ya kusimamia jenereta. Yokoi alikaa kwenye nafasi kama hiyo, na mashine zikiwa salama alikuwa na muda mwingi mikononi. Akautumia kujitengenezea kichezeo: mkono wa vipande vinavyokunjuka kama mkasi, ukibana huku, kule mbele unarefuka na kushika kitu.

Bosi mkuu, Hiroshi Yamauchi, alimkuta akikichezea. Akamwita ofisini. Kijana alidhani amekwisha. Badala yake akaagizwa akigeuze kichezeo hicho kuwa bidhaa ya kuuza. Kilitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand na kikauza zaidi ya vipande milioni moja. Kuanzia hapo Yokoi hakurudi tena kwenye mashine za karata. Alihamishiwa kazi ya kubuni vichezeo.

Miaka iliyofuata alitoa vitu vya kila aina. Mwaka 1969 kilitoka Love Tester: watu wawili wanashikana mikono, kila mmoja anashika kitufe cha chuma, na mshale unaonesha eti wanapendana kiasi gani. Ndani yake hakuna uchawi. Ni mita ya kawaida inayopima mkondo mdogo wa umeme unaopita mwilini, kitu ambacho mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne anaweza kukieleza. Ujanja haukuwa kwenye mita, ulikuwa kwenye kuwafanya watu wawili washikane mikono bila aibu. Hiyo ndiyo ikawa njia yake maisha yote: chukua teknolojia ambayo wengine wameizoea mpaka wameichoka, ambayo imeshuka bei na haina siri tena, halafu iulize inaweza kufanya kazi gani nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 1973 Nintendo ilifungua kumbi za kulenga shabaha kwa bunduki za mwanga, kazi ambayo Yokoi alihusika nayo. Mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ikapanda ghafla, wateja wakafuta oda, kampuni ikabaki na madeni.

Kisha ikaja safari ya treni. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Yokoi, akiwa kwenye treni ya mwendo kasi, alimwona mfanyakazi wa ofisini akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda. Hakuwa anapiga hesabu. Alikuwa na uchovu wa safari tu. Sisi tunaopanda TAZARA kutoka hapa Ifakara tunaujua uchovu huo vizuri. Wengine tunauona kama kero, Yokoi akauona kama soko. Mtu mzima anataka kucheza safarini, ila hataki kuonekana anacheza. Basi mpe gemu ndogo ya kutosha kufichwa viganjani.

Wakati huo vioo vya vikokotoo vilikuwa vimeshuka bei sana, kwa sababu kampuni za Kijapani zilishindana mpaka soko likajaa. Nintendo ikaungana na Sharp, na mwaka 1980 ikatoka gemu ya kwanza ya Game & Watch, iliyoitwa Ball. Ilikuwa na kioo cha kikokotoo, betri ndogo za saa na sauti ya tit-tit-tit ya kipande kidogo kinachotetemeka, kama ile ya saa ya mkononi ya plastiki. Mwaka 1982, kwenye toleo la Donkey Kong, Yokoi akaweka kile kitufe cha msalaba, kwa sababu fimbo ya kuchezea isingeingia kwenye kifaa kinachokunjwa na kutiwa mfukoni. Zaidi ya Game & Watch milioni 40 ziliuzwa.

Lakini angalia kasoro iliyobaki. Kama lengo ni kucheza bila kusumbua jirani, ile tit-tit inakuumbua. Jibu lilikuja tarehe 21 Aprili 1989, siku Game Boy ilipoanza kuuzwa Japani kwa yeni 12,500. Upande wa chini wa kifaa, mahali ambapo tumbo la mchezaji linaelekea, kulikuwa na tundu la hedifoni la milimita 3.5.

Tundu hilo nalo lilikuwa teknolojia iliyozeeka. Babu yake ni pini nene ya kwenye mbao za simu za karne ya 19, zile ambazo opareta alichomeka waya kuunganisha watu wawili wazungumze. Pini ndogo ilienea na redio za transista, na Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikaifanya ya stirio na kuitembeza dunia nzima. Kwa hiyo mwaka 1989 tundu lilikuwa rahisi, likipatikana kila mahali, na kila nyumba ilikuwa na hedifoni yake. Hakuna kilichohitaji kubuniwa upya.

Ukiangalia pini ya hedifoni ya kawaida utaona imegawanywa na pete nyeusi. Ncha inabeba sauti ya sikio la kushoto, sehemu ya katikati inabeba ya kulia, na shina ni njia ya kurudishia umeme ya pamoja. Game Boy ilikuwa na vyanzo vinne vya sauti: viwili vya mawimbi ya mraba, kimoja cha wimbi ambalo mtunzi analichora mwenyewe, na kimoja cha mchakacho, ule unaofanana na mvua juu ya bati. Kila kimoja kingeweza kupelekwa kushoto, kulia au kote kuwili. Spika ilikuwa moja tu, ya mono. Asiye na hedifoni alisikia vyote vimechanganywa. Mwenye hedifoni alisikia besi ikitoka huku na wimbo ukitoka kule, kutoka kwenye kifaa cha betri nne. Aliyeshughulikia sana upande wa sauti ni Hirokazu Tanaka, mtunzi wa muziki wa Metroid, ambaye alikuwa amesoma elektroniki pia.

Ndani ya tundu kuna kijiti kidogo cha chuma kinachofanya kazi kama swichi. Pini ikiingia, inakisukuma, spika inakatwa. Pini ikitoka, kijiti kinarudi, spika inaamka. Hakuna programu, hakuna menyu. Nililiona hili kwa macho yangu kwa fundi mmoja hapa mjini, ambaye kwenye boksi lake la vyuma chakavu alikuwa na Game Boy kuukuu isiyotoa sauti. Tulipochomeka hedifoni, sauti ikaja safi. Fundi hakuhitaji kusoma chochote kuhusu Game Boy. Akasema hii ni kama simu: kijiti kimeshika uchafu, kifaa kinadhani hedifoni imechomekwa. Akapitisha pamba yenye spiriti mara tatu, nne, spika ikaanza kuimba. Ni ugonjwa uleule wa simu zetu, pale alama ya hedifoni inapobaki kwenye kioo wakati hujachomeka kitu. Kabla hujanunua simu nyingine, safisha tundu.

Wakati huo washindani walikuwa wakikimbilia makuu. Atari Lynx ilitoka mwaka huohuo wa 1989, ikiwa na kioo cha rangi chenye taa. Game Gear ya Sega ikafuata mwaka 1990, nayo ya rangi. Zote zilikula betri sita na kuzimaliza kwa saa chache. Game Boy haikuwa na rangi wala taa. Ilikuwa na vivuli vinne tu kwenye kioo chenye nukta 160 kwa 144. Lakini betri nne zilimtosha mtu zaidi ya saa kumi, bei ilikuwa chini, na kifaa kilivumilia kuangushwa. Satoru Okada, mhandisi aliyefanya kazi chini ya Yokoi, ndiye aliyesukuma iwe mashine ya kudumu, yenye kaseti za kubadilisha, kuliko kichezeo cha msimu mmoja. Ukijumlisha na toleo la rangi lililofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Wengine walilitumia tundu la hedifoni kwa namna nyingine. Sega Mega Drive ya kwanza, ya mwaka 1988, ilikaa sebuleni ikitegemea televisheni, lakini mbele yake iliwekwa tundu la hedifoni na kidude cha kuongeza sauti. Waya wa kwenda kwenye televisheni ulibeba mono, stirio ilipatikana kwenye tundu pekee. Toleo la pili likaliondoa tundu hilo na kupitisha stirio nyuma, kwenye waya wa televisheni. Kila mbunifu anayeweka au kuondoa tundu anaamua nani atasikia, na nani hatalazimika kusikia.

Kwa sisi wa hosteli hilo si jambo dogo. Chumba cha watu sita au wanane kina mmoja anayejiandaa na mtihani wa anatomia, mmoja aliyetoka zamu ya usiku wodini, na mmoja ambaye hawezi kulala bila kuangalia mpira. Tundu la hedifoni limezuia ugomvi mwingi kuliko mwakilishi wa bweni yeyote. Na lina kazi nyingine. Simu nyingi zenye redio hazishiki stesheni mpaka uchomeke hedifoni, kwa sababu ule waya ndio antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, robo yake ni sentimita 75, na waya wa hedifoni una kama mita moja. Unatosha. Mtu aliye shambani, mbali na mnara na bila bando, anapata taarifa ya habari kwa waya wa bei ya chini kabisa. Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 ilipotoka bila tundu, simu nyingi zimefuata, na hedifoni za bila waya haziwezi kuwa antena hiyo.

Narudi kwa Yokoi, maana mwisho wake haukuwa mtamu. Mwaka 1995 Nintendo ilitoa mashine yake nyingine, Virtual Boy, iliyoonesha picha zenye kina kwa taa nyekundu ndani ya miwani mikubwa iliyosimama mezani. Ilikuwa na rangi nyekundu na nyeusi tu, ilichosha macho na shingo, na watu hawakuielewa. Ziliuzwa kama 770,000 na uzalishaji ukasimama kabla ya mwaka kuisha. Mtu yuleyule aliyeijenga kampuni akawa sura ya hasara yake kubwa. Alimalizia kazi ya Game Boy Pocket, toleo dogo na jembamba, na Agosti 1996, baada ya miaka 31, akaondoka. Wengi waliunganisha kuondoka kwake na Virtual Boy. Hata hivyo hakukaa nyumbani kulia. Alifungua kampuni yake ndogo mjini Kyoto, Koto, na kuanza kubuni gemu mpya ya mkononi kwa ajili ya Bandai.

Hakuiona ikitoka. Tarehe 4 Oktoba 1997, kwenye barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa, gari alilopanda liligongana na jingine. Alishuka kuangalia uharibifu, na gari lililokuwa likipita likamgonga. Alikuwa na miaka 56. Sisi tunaopita wodi za majeruhi hapa Ifakara tunaijua ajali ya namna hiyo: ya kwanza haikuua, iliyoua ni ya pili, baada ya mtu kusimama barabarani. Nikisoma habari zake hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu ni kifo ambacho pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kusogea pembeni ya barabara huenda vingekizuia. Ni vitu vya zamani, vya bei rahisi.

Gemu yake ya mwisho, WonderSwan, ilitoka Machi 1999. Ilitumia betri moja tu na kioo kisicho na rangi, na moja ya michezo yake iliitwa Gunpey kwa heshima yake. Lakini mwili wake haukuwa na tundu la hedifoni, ulilazimika kununua kiunganishi pembeni. Nintendo nao wakafanya hivyohivyo mwaka 2003 kwenye Game Boy Advance SP: hedifoni ikahitaji kiunganishi cha kuchomeka kwenye mlango wa chaji. Watu walilalamika, na mwaka uliofuata Nintendo DS ikatoka na tundu lake.

Mwaka ambao Yokoi alikufa, hapa bondeni kulikuwa na kazi ambayo naamini angeielewa haraka. Mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa, kwa jina la Zuia Mbu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Chandarua ni kitambaa chenye matundu, bibi zetu walikijua. Dawa nayo ilikuwa inajulikana. Kipya kilikuwa kuvipeleka kwenye maduka ya vijijini kwa jina watu wanaloweza kulikumbuka, pamoja na hati punguzo kwa wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 4. Baadhi yetu tunaosoma gazeti hili tulilelewa ndani ya vyandarua vya aina hiyo.

Nasema haya kwa sababu kila mwaka mada za miradi ya wahitimu zinapotajwa, nasikia majina makubwa: akili mnemba, droni, blokcheni. Sizipingi. Ila nauliza swali ambalo maisha ya Yokoi yananilazimisha kuuliza: mama wa Mlimba anayekuja kliniki na simu ya kitochi, kifaa chako kitamfikia vipi? Kikiharibika, fundi wa stendi atakifungua kwa bisibisi gani? Betri zake zinauzwa duka gani? Ukikosa majibu, mradi unaweza kupata A na bado ukabaki kwenye kabati la idara.

Na kama mwezi ujao utapangiwa kituo ambacho mashine pekee ni ya kupimia uzito na jokofu la chanjo, usijione umetupwa. Zikague, zipake mafuta, zijue mpaka utambue zinakosa nini. Yokoi alikaa mwaka mzima hivi na mashine za karata kabla ya mtu yeyote kumwita ofisini, na siku alipoitwa alikuwa na kitu cha kuonesha mkononi.